Fundi wa klachi Ngamiani, Tanga: anatafuta tatizo kwanza ndo anafungua

Wenye gari za spoti za zamani hapa Tanga, kuna gereji ndogo Ngamiani naipa nyota zote tano. Gari yangu ni Mazda MX-5 kizazi cha kwanza, zile zilizoanza kutoka 1989, Japani ziliuzwa kama Eunos Roadster. Pedali ya klachi ikawa ukikanyaga inaenda mpaka chini inabaki hukohuko, uinyanyue na kidole cha mguu, na rivasi inasaga vibaya mno. Gereji ya kwanza wakasema pleti ya klachi imekwisha tushushe giaboksi, hata boneti hawajafungua jamani!

Huyu wa Ngamiani kaanza na maswali. Ukipampu pedali harakaharaka inapanda? Inapanda, na gia zinaingia. Mlimani injini inanguruma halafu gari haivuti? Hapana. Akasema basi pleti nzima, ingekuwa imekwisha ingeteleza, tatizo liko kwenye mafuta, maana klachi hii inasukumwa na mafuta ya breki. Kafungua kopo la klachi masta, yani bomba la juu linalosukuma mafuta ukikanyaga pedali, mafuta meusi tii. Akaingia chini ya gari akaniambia kanyaga taratibu kaka, yeye anaangalia ule uma wa klachi, chuma kinachoachanisha klachi, unasogea kiasi gani, ukawa unasogea kidogo tu. Akavuta raba ya vumbi ya bomba la chini, lile linalopokea presha na kusukuma huo uma, mafuta yakachuruzika mpaka kwenye kiganja chake, akaniita nione mwenyewe. Hilo bomba liko nje ya giaboksi, bolti mbili tu, yani hakuna cha kushusha!

Ndani kulikuwa na kutu. Akanielezea mafuta ya breki yananyonya unyevu, na sisi watu wa pwani unyevu ndo kwetu, yasipobadilishwa miaka na miaka kutu inakula silinda na mipira inachanika. Akashauri tubadili bomba la juu na la chini pamoja, maana ukiweka jipya chini presha ikirudi vizuri lile la juu lililochoka nalo linaanza kuvuja, na mi nakubaliana nae kabisa. Yakawekwa mafuta mapya ya breki, DOT 4, tukatoa upepo mimi nakanyaga yeye anafungua na kufunga kule chini, pedali ikawa inarudi yenyewe.

Kasoro yake ni spea, za gari hii hana, mabomba niliagiza Dar yakaja na basi. Na eneo ni dogo, ukichelewa asubuhi gari inakaa juani.

Bei ya ufundi kanitajia kabla hajashika spana na haikuongezeka hata mia, mabomba ya zamani kanirudishia kwenye mfuko.