PSS-10 kwa wanafunzi wa chuo Tunguu, Zanzibar: dodoso zuri, ila lina mtego

PSS-10, dodoso la mwanasaikolojia Sheldon Cohen la kupima msongo wa mawazo, lina maswali 10 kuhusu mwezi uliopita, kila jibu alama 0 hadi 4. Karatasi moja, dakika tano, basi. Wengi huharibu hesabu kwenye maswali ya 4, 5, 7 na 8. La 4 linauliza umejiamini mara ngapi kuyamudu matatizo yako. "Mara nyingi sana" hapo ni 0, si 4. Ukisahau kugeuza, mtulivu ataonekana yuko hoi.

Kasoro yake: halitenganishi mitihani na hulka. Mwenye wasiwasi wa asili huelekea kupata alama za juu hata akiwa likizo kwao Wete. Lijazwe mara mbili, muhula ukianza na wiki ya mitihani, pamoja na dodoso la haiba. Tafsiri iwe Kiswahili cha dakhalia, si cha kamusi.