Jiko la kijani cha malakiti: uzoefu wangu na mafundi wa rangi Lubumbashi

Nyumba yetu ni ya enzi za Wabelgiji: matofali mekundu, kuta nene, na jiko dogo la nyuma lenye dirisha moja. Miaka mingi ya mbabula, yaani jiko la makaa, na moshi wake ilikuwa imegeuza kuta nyeupe kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilitaka kijani cha malakiti, jiwe letu la shaba, ambalo likikatwa na kung'arishwa linaonyesha mistari ya kijani cheupe na kijani cheusi ikizungukana. Nina yai la malakiti alilonipa baba yangu. Nikalifunga kwenye kitambaa, nikaenda nalo dukani. Yule kijana anayechanganya rangi aliliweka karibu na kopo, akaongeza manjano kidogo kidogo, kila mara akipaka kwenye kipande cha katoni na kutoka nacho nje juani. Mara ya tano tukatazamana, tukacheka. Ilikuwa yenyewe.

Fundi mkubwa alikuwa na wasiwasi: "Mama, hii rangi ni nguvu sana. Jiko itakuwa na giza." Nikamwomba apake kipande tu, upana wa mlango, tukakiangalia asubuhi, jioni, na usiku kwa taa. Usiiruke hatua hiyo. Usiku kile kijani kilitulia vizuri kuliko nilivyotarajia. Milango ya kabati nikaipa wekundu wa majani machanga ya miti ya miombo, yale yanayochipua mwezi wa tisa kabla mvua haijaanza. Aliyekulia huku ataujua mara moja.

Sasa lawama yangu. Ukuta wa upande wa kupikia waliufuta kwa kitambaa tu, kisha wakapaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta ya zamani iliyojaa masizi. Wiki ya tatu nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu, mvuke ukapanda, nikaona ukuta umevimba. Nikagusa kwa ukucha, rangi ikatoka kipande kizima kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Niliumia sana.

Niliwaita, wakaja kesho yake bila kubishana. Safari hii waliosha kwa sabuni na soda ya kusafishia, wakasuuza, wakaacha ukauke siku mbili, wakapiga msasa mpaka mng'ao wote ukaisha, wakatanguliza rangi ya msingi ndipo wakapaka kijani. Kopo la pili nililipa mimi, kazi hawakunidai. Hata hivyo, kopo lile lilipaswa kuwa juu yao.

Imepita misimu miwili ya mvua na ukuta haujachubuka. Mama mkwe, aliyeikataa rangi hii tangu siku ya kwanza, siku hizi anachambulia sombe, majani ya muhogo, humo ndani badala ya kukaa barazani.

Nawapa nyota nne. Ukiwaita, simama nao siku ya kuosha kuta. Siku ya kupaka unaweza kwenda sokoni. Na dari iache nyeupe, maana dirisha likiwa moja, mwanga mwingi unarudishwa na dari.