Uzoefu wangu wa JET: mwalimu msaidizi wa Kiingereza mkoani Akita, Japani

Niseme mapema. Anayekuja kwa mpango wa JET akiwa na hamu ya kushika chaki na kuendesha darasa lake mwenyewe huenda akavunjika moyo. Anayependa maisha ya shule yenyewe, kelele zake na ratiba zake, atanogewa. Watu wa nyumbani huniuliza mshahara na viza tu, na sijui kwa nini hakuna anayeuliza watoto wanakula nini.

Kwa asiyeujua mpango huu: ni wa serikali ya Japani, ulianza 1987, na huajiri watu wenye shahada kutoka nchi za nje wakafanye kazi kwenye shule na ofisi za serikali za mitaa. Zaidi ya watu 70,000 wameshaupitia, wengi mno wakiwa walimu wasaidizi wa lugha, ALT kama tunavyoitwa. Mkenya anaomba kupitia ubalozi wa Japani ulioko Nairobi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kuongezwa hadi ifike mitano. Nauli ya ndege unalipiwa. Wanaoanza sasa hupata yeni milioni 4.02 kwa mwaka wa kwanza kabla ya makato. Sisi tulioanza kabla ya 2025 tulianzia milioni 3.36. Tokyo pesa hiyo ingebana. Huku mashambani unakula, unalipa nyumba, na unatuma kitu nyumbani. Ila njoo na akiba: mshahara wa kwanza hauwahi kodi ya nyumba, na mwenye nyumba huku anaweza kudai malipo kadhaa kwa mkupuo kabla hujakabidhiwa ufunguo.

Pa kupelekwa hupangi wewe. Fomu ina nafasi ya kutaja unakotaka, lakini wengi huangukia miji midogo. Mimi nikaangukia Akita, kaskazini: mashamba ya mpunga, milima yenye mierezi, na theluji.

Kazi ya darasani nitaieleza kwa ufupi kwa sababu ni fupi kweli. Mwenye somo ni mwalimu wa Kijapani. Wewe uko pembeni yake. Shule ya msingi ndiko utakakotumika sana. Darasa la tatu na la nne wanajifunza kwa nyimbo na michezo, na tangu 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa darasa la tano na la sita. Sekondari ya chini kuna siku unasoma kifungu kwa sauti, wanafunzi wanakifuata, kengele inalia, umemaliza. Aliyesomea ualimu na kuzoea madarasa yetu ya Kenya yaliyojaa pomoni ataona amefungwa mikono. Shule zikifungwa bado unaweza kutakiwa kuripoti na kukaa kwenye dawati lako katika ofisi tupu. Hapo ndipo nilipojifunza herufi za Kijapani, kwa hiyo silalamiki sana.

Nilichokuja kugundua ni kwamba L na R za Kiingereza zinawatesa watoto hawa, lakini Kiswahili wanakitamka kama waliozaliwa kwetu Voi. Silabi zao zinaishia kwa irabu kama zetu. Nikiwafundisha salamu dakika ya mwisho ya kipindi, kesho yake korido nzima inaniamkia, na mwalimu mwenzangu anajifanya hasikii.

Sasa chakula. Ikifika saa sita na nusu hivi, watoto wa zamu wanavaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wanakwenda kuchukua masufuria na kuwapakulia wenzao. Hakuna mpishi wala kiranja mwenye fimbo. Mwalimu mkuu huwa ameshaonja kabla, kuhakikisha chakula ni salama. Wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa), samaki wa kuoka, mboga, na maziwa kila siku, hata pale ambapo mtu mwenye akili timamu asingeyaweka maziwa karibu na samaki. Wote wanasubiri hadi trei ya mwisho ijae, wanashukuru kwa sauti moja, ndipo vijiti vinanyanyuliwa. Mwalimu anakula chakula hichohicho, kwenye dawati dogo hilohilo linalomgonga magoti. Mimi niliyelelewa na githeri ya shule, yenye mawe, nilikuwa naangalia mambo haya kama mtu aliye sinema.

Raha yenyewe iko kwenye mabaki. Mtoto mmoja akikosa shule, pudini yake inabaki, na inagombewa kwa mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi. Ninaalikwa nami. Wanasimama nusu ya darasa, mikono nyuma, nyuso za watu wanaogombea ubunge, wanapiga kelele za kuhesabu, mikono inatoka. Kuna mvulana wa darasa la nne, mkimya hivi kwamba kwenye somo langu sijawahi kusikia sauti yake ikizidi mnong'ono. Siku aliyonishinda raundi ya mwisho aliruka, akaniambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba pole sana mwalimu, akaila pudini akiwa bado amesimama. Nikamwangalia mwenye somo. Naye akaniangalia. Miezi yote ile ya kadi za picha!

Baada ya kula ni usafi. Muziki unafunguliwa kwenye vipaza sauti, na kila mtu, walimu wakiwemo, anashika kifagio au kitambaa. Watoto wanainama, mikono miwili juu ya kitambaa chenye maji, makalio juu, wanakimbia wakikisukuma korido nzima. Akita huwa juu kabisa katika mitihani ya kitaifa ya Japani, na watu huja kuuliza siri. Mimi si mtaalamu, ila ningeanza kuangalia hapo koridoni.

Ukiwa Mkenya, jiandae kuulizwa unakimbia marathoni kwa saa ngapi. Si ujinga wao, wana sababu. Douglas Wakiihuri aliishi na kufanya mazoezi huku kabla ya kuwa bingwa wa dunia 1987, na marehemu Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai, si mbali sana na huku, kabla ya dhahabu ya Beijing 2008. Kila Januari 2 na 3 nchi nzima inakaa mbele ya televisheni kutazama wanavyuo wakikimbia na kupokezana ukanda kati ya Tokyo na Hakone, na mara nyingi kuna Mkenya anayepita watu. Mimi ni mtu wa Taita Taveta, nikipanda ngazi nahema. Wakanipa saa ya kupimia na baiskeli, nikawa nafuatana na timu ya riadha jioni. Watoto wakaridhika.

Na dubu. Hilo hawakuniambia kwenye usaili. Watoto wanatembea na kengele ndogo kwenye mikoba ili dubu asikie na aende zake, na dubu akionekana, tangazo linatoka kwenye vipaza sauti vya mji. Wenzangu kutoka Ulaya waliogopa. Kwetu Voi tunatangaziwa tembo, kwa hiyo nilifunga kengele yangu nikaenda kazini.

Nikipima kwa nyota tano, baridi ndiyo nyota moja ninayoipunguza. Nyumba nyingi huku hazina kipasha joto cha nyumba nzima. Unapasha chumba kimoja kwa jiko la mafuta ya taa, na choo ni safari ya kujitolea. Dawa yake ni maji ya moto ya chemchemi, ambako unaoga na majirani bila nguo. Nilikwepa majira yote ya kupukutika majani. Theluji ilipofika magotini, aibu ikaisha yenyewe. Ukitoka huko ukakuta supu ya kiritanpo, wali uliopondwa, ukachomwa kwenye kijiti na kuchemshwa na kuku, huulizi tena ugali. Huulizi kwa jioni hiyo.

Ukija, utafika kiangazi, na ukipangwa Akita usikose tamasha la Kanto, tarehe 3 hadi 6 Agosti. Ni mwanzi wa hadi mita 12 wenye taa za karatasi 46, uzito wa kilo 50 hivi, na mtu anaubeba juu ya kiganja, kisha paji la uso, kisha nyonga, upepeo wa mkono ukiwa mkononi. Nilimwona fundi wa mabomba wa mtaani kwetu akiubeba kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo namsalimu kwa heshima zaidi.

La kubeba: viatu vya ndani. Shuleni unavua viatu mlangoni na kuvaa vingine safi, na saizi za wanawake madukani huku nyingi huishia sentimita 25. Vinunue kabla ya kuondoka. Nafasi ya sanduku itakayobaki, jaza kahawa na majani ya chai ya pakiti ndogondogo, moja kwa kila meza ya walimu. Naibu wa mwalimu mkuu asisahaulike, maana kwetu yeye ndiye anayepiga muhuri fomu za likizo.