Mota mpya, feni inazunguka kinyume

Ilikuwa mwezi wa pili, au labda wa tatu, sikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni joto la Dar, lile la watu kuhamia sakafuni usiku. AC ya chumba cha mama yangu mzazi ikaanza kupuliza hewa ya kawaida. Kule nje kompresa inawaka, feni inanguruma tu bila kuzunguka, baada ya muda kompresa inapata moto na kujizima. Tukabadilisha kapasita, kile kifaa kinachoisaidia feni kuanza kuzunguka, wapi! Pangaboi lenyewe lilikuwa gumu hata ukilisukuma kwa mkono. Beringi zimeliwa na kutu, tunakaa karibu na bahari.

Nikaenda duka moja Kariakoo na mota ya zamani mkononi. Mpya elfu 90, ufundi elfu 40. Fundi wao akaja, akafunga, feni ikazunguka, nikalipa yote.

Kesho yake mchana ikazima tena. Nikatoka nje kuangalia. Kanga iliyoanikwa mbele ya mashine, badala ya kupepea, imevutwa na kugandia kwenye wavu! Mashine ya nje inavuta hewa kutoka nyuma, inatemea mbele. Yangu ilikuwa inavuta mbele na kusukumia joto ukutani.

Nikapiga simu dukani, nikaeleza kwa adabu kabisa. Yule wa kaunta akanijibu: “Mama, feni ikizunguka imezunguka. Wewe kapike, mambo ya umeme tuachie sisi.” Akakata.

Kapike! Mtu niliyempa elfu 130 yangu taslimu! Mama ana presha, siku mbili nzima nimekaa pembeni yake nampepea kwa kipepeo cha ukili, na maneno hayo yananizunguka kichwani. Nilipiga tena mara nne, hakupokea.

Siku ya tatu akaja kijana msaidizi wa yule fundi, kwa hiari yake. Shikamoo, akaomba radhi kabla hata sijasema kitu. Akazima umeme, akafungua kifuniko, akabadilishana nyaya mbili pale kwenye kapasita, akawasha. Kanga ikapepea mpaka ikataka kukatika kwenye kamba. Nauli nilimlazimisha kuipokea.

Kusema haki, mota yenyewe ni nzuri. Inazunguka kimya, chumba kinapoa, mama analala na shuka. Bei nayo si mbaya. Nilikuwa niandike kwamba ukienda pale msimamie fundi, kisha weka kitambaa mbele ya mashine uone kama kinapepea, ndipo ulipe.

Lakini hapana. Kila nikiikumbuka ile sauti damu inanichemka. Msiende. Mimi namba ya kijana ninayo, nikipata shida nitampigia yeye, mota nitanunua kwingine. Yule wa kaunta mpaka leo hajaniomba radhi.