Ukaguzi wa nyumba kabla ya kununua: mhandisi wa Pwani, fomu ya nchi za baridi

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, niliilipa kampuni moja ya ukaguzi wa majengo ya hapa Dar es Salaam shilingi 450,000 ili inikagulie nyumba ya vyumba vitatu niliyotaka kuinunua Mbezi Beach, upande wa chini. Kampuni sitaitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyaeleza ni malalamiko ambayo bado tunazungumza ili tuyamalize. Huduma yenyewe, hata hivyo, ni ngeni kwa wengi wetu, nami nina imani kwamba maelezo haya yatamfaa mtu anayekaribia kumkabidhi muuzaji akiba yake ya miaka mingi.

Aliyenishauri kutafuta mkaguzi ni dada yangu anayeishi Edmonton, Kanada, ambaye alinunua nyumba huko baada ya kuzikataa mbili kwa ushauri wa mkaguzi. Huko adui mkubwa ni maji yanayoganda. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, nguvu inayotosha kupasua bomba lililopitishwa kwenye ukuta usio na kinga ya baridi. Na udongo wenye maji ukiganda chini ya msingi mfupi huunyanyua, ndiyo maana misingi ya huko huchimbwa kupita kina ambacho ardhi huganda. Juu ya paa, joto linalovuja kutoka ndani huyeyusha theluji, maji yake yakateremka hadi ukingoni penye baridi na kuganda tena, na yale yanayofuata yakikosa njia hupenya chini ya vigae. Kwa hiyo doa la kahawia kwenye dari, karibu na ukuta wa nje, ni onyo ambalo mnunuzi wa huko halipuuzi.

Mhandisi aliyeletwa kwangu, ambaye usajili wake niliuhakiki kwanza kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi, hakuanzia ndani. Alisimama barabarani, akatazama jinsi barabara ilivyoinuliwa kwa kifusi hadi ikapita usawa wa kizingiti cha sebule kwa karibu sentimita 30, kisha akaniuliza maji ya barabara hiyo huelekea wapi. Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye uzio wa jirani ambao haujapakwa rangi: mstari wa tope ulionyooka, juu kidogo ya goti langu. Mama wa nyumba hiyo, baada ya kumwamkia na kumweleza shida yetu, alituambia kwamba maji huingia kila masika yanapozidi, na kwamba mwaka uliotangulia mpangaji wa nyumba niliyoitaka alihamisha magodoro usiku wa manane. Dalali alikuwa ameniapia kuwa eneo hilo halituami maji.

Ndani, rangi ya sebule ilikuwa ya zamani kidogo isipokuwa sehemu ya chini, kama mita moja kutoka sakafuni, iliyokuwa imepakwa upya kwa rangi ya mafuta. Mimi nilidhani ni urembo. Mhandisi alinieleza kwamba tofali la saruji hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na kama fundi hakuweka kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta, maji hupanda, mara nyingi hadi karibu mita moja, yakibeba chumvi. Yakikauka, chumvi hubaki kama unga mweupe, huisukuma rangi ikabanduka na lipu ikamong'onyoka. Na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewani, ukuta huendelea kuwa na majimaji hata mvua zikiisha. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa huwa na chumvi hiyo tangu siku ya kwanza. Rangi ya mafuta huificha hali hii kwa miezi michache tu, kisha hutoa malengelenge. Nyuma ya kabati la jikoni, mahali ambapo brashi haikufika, tuliukuta unga wenyewe, na lipu ilianguka kwa kugongwa kwa kidole.

Nyufa nyembamba za lipu, zilizotapakaa kama utando wa buibui, hazikumshughulisha sana. Aliutilia maanani ufa mmoja uliotoka kona ya dirisha la chumba kikubwa, ukishuka mshazari kwa kufuata viungo vya tofali kama ngazi, mpana juu na mwembamba chini, kwani alisema ni dalili kwamba kona hiyo ya msingi inatitia. Kwenye boriti ya baraza, ufa ulifuata nondo kwa urefu wake ukiwa na doa la kutu. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nondo iliyofunikwa kwa zege jembamba hupata kutu, na kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Alipofunua chemba, maji yalikuwa yamefika juu ingawa nyumba ilikuwa tupu kwa miezi miwili. Shimo la maji taka lilikuwa limejaa maji ya ardhini.

Kazi hiyo ninaisifu bila kusita. Kilichonisikitisha ni ripoti. Ilichelewa kwa siku 9, na iliandikwa yote kwa Kiingereza ingawa nilikuwa nimeomba Kiswahili, kwa sababu baba yangu, anayechangia fedha, alitaka kuisoma mwenyewe. Kubwa zaidi, fomu waliyoitumia imetungwa kwa ajili ya nchi kama ya dada yangu. Ina sehemu ya mtambo wa kupasha nyumba joto, ya kuganda kwa mabomba na ya barafu ukingoni mwa paa, zote zikiwa zimeandikwa kuwa hazihusiki. Haina hata mstari mmoja kuhusu mchwa, ilhali mhandisi mwenyewe alinionyesha njia zao za udongo zikipanda hadi kwenye kenchi. Haiulizi usawa wa barabara, wala umbali kutoka mtoni au baharini, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya maeneo hayo. Tope la uzio wa jirani, jambo zito kuliko yote, limewekwa ukurasa wa mwisho chini ya maoni mengineyo. Baba yangu, ambaye hakuwapo siku ile, alisomewa ripoti hiyo akaniuliza kwa nini ninaikataa nyumba nzuri.

Pia sikupenda kuona bei ya matengenezo ya kampuni hiyohiyo ikiwa imeambatishwa. Mkaguzi anayetarajia kazi ya ukarabati ana sababu ya kukuza ufa, na hata akiwa mwaminifu, mteja hubaki na shaka.

Masuala ya umiliki hayamo katika huduma hii, na walinieleza hivyo mapema. Nilikwenda mwenyewe serikali ya mtaa, nikaomba upekuzi wa hati kwa msajili, na nikataka ridhaa ya maandishi ya mke wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza.

Nyumba ya Mbezi Beach sikuinunua. Sasa ninaitazama nyingine Goba, mlimani, ambako hofu yangu ni mvua kula udongo wa msingi. Nimemwomba mhandisi yuleyule aje vuli itakapoanza, na nimeiandikia kampuni kwamba nitalipa endapo ripoti itakuwa ya Kiswahili, mchwa na njia za maji vitakuwa ukurasa wa kwanza, na bei ya matengenezo haitakuwamo.