Uzoefu wangu: fizio wa kano ya kisigino kwa wakimbiaji wa Dodoma

Wakuu habari zenu. Watu kwenye kundi letu la jogging wameniuliza sana kuhusu ile kliniki ya fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa mjini niliyokuwa naenda kwa ajili ya kisigino, naandika yote hapa ili kila mtu asome. Kwa kifupi hela yangu imefanya kazi, ila kuna vitu viwili vitatu wanatakiwa warekebishe, nitavisema.

Tatizo lilikuwa kano ya kisigino, ile kamba ngumu nyuma ya mguu inayoshika kigimbi na mfupa wa kisigino. Asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza unachechemea, ukipata moto maumivu yanapungua, unakimbia vizuri tu mpaka unasema nimepona, kesho yake asubuhi yanakuja makali kuliko jana. Ukibana kwa vidole sentimita chache juu ya mfupa unasikia pamevimba na panauma. Nilishachuliwa, nilishapewa diklofenaki ya maumivu, nilishaambiwa pumzika. Kupumzika kunatuliza kweli lakini ukirudi barabarani tu, maumivu haya hapa.

Sasa huyu fizio, dada mmoja mtulivu sana, siku ya kwanza alikaa na mimi muda mrefu kabla hata hajanishika mguu. Akauliza viatu, njia ninazokimbia, usingizi, halafu akauliza miezi ya karibuni nimemeza dawa gani. Nikamtajia sipro, ile antibayotiki ya ciprofloxacin, niliyoandikiwa kwa ajili ya UTI, akaacha kuandika akaniangalia. Aisee hili sikuwahi kulisikia popote: dawa za kundi la sipro zinaweza kuidhuru kano, hasa hii ya kisigino, hata kuikata kabisa, na Marekani mamlaka yao ya dawa iliagiza onyo kali liwekwe kwenye hizo dawa tangu 2008. Fikiria sisi hapa tunavyozinunua duka la dawa kama pipi, tumbo likiuma sipro, homa sipro. Hakusema ndiyo iliyoniumiza, alisema ni kitu cha kuweka kwenye hesabu na nimwambie daktari kila nikiandikiwa antibayotiki. Kwangu mimi swali hilo peke yake lililipa hela ya siku ile.

Baada ya hapo akanisimamisha mguu mmoja ninyanyue kisigino mpaka nichoke, mguu mzima nikaenda vizuri, huu mbovu ukaishia njiani huku natetemeka. Ndiyo akaniambia, "Kaka, kano haiponi kwa kulala, inapona kwa kupewa kazi." Akanieleza habari ya daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, aliyetoa utafiti wake 1998: wakimbiaji 15 waliokuwa na kano sugu walishusha kisigino polepole kwenye ukingo wa ngazi, seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka kisha likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12, na wote 15 wakarudi kukimbia kama zamani. Mimi hakunipa hiyo hiyo, alianza na kusimama juu ya vidole na kushikilia bila kushuka, baadaye ndiyo ngazi, baadaye begi mgongoni lenye dumu la maji, uzito unapanda kadiri mguu unavyokubali. Goti likikunjwa unaufikia ule msuli wa ndani wa kigimbi, ambao kwenye kukimbia ndio unabeba mzigo mkubwa, na wengi hatuufanyii mazoezi kabisa.

Kipimo chake cha maumivu nimekipenda sana. Sifuri mpaka 10, ukiwa kwenye mazoezi ruksa kufika 5, mradi kesho asubuhi yawe yametulia, yasipotulia unapunguza mzigo. Yaani huogopi kila kamaumivu, na pia hujidanganyi.

Kurudi kukimbia kulikuwa dakika moja unakimbia mbili unatembea, uwanja tambarare, na lazima siku ya kupumzika katikati. Nikamuuliza kwa nini wakati pumzi ninayo, si nilikuwa napiga baiskeli muda wote? Akasema hapo hapo ndipo watu wengi wanarudi kuumia, moyo na mapafu vinaamka ndani ya wiki chache, kano inajijenga taratibu mno, na baada ya mazoezi mazito kwa siku moja hivi inabomoka kuliko inavyojengwa, ukiikimbilia tena kabla haijamaliza kujijenga unaongeza kidonda. Hii kitu nawaomba vijana wetu muishike. Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu, mtu wa Singida hapo jirani, achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, tumepata wageni wengi kundini, wana moyo kweli kweli, wiki ya pili mtu anataka kupanda milima ya UDOM, kule chuo kikuu, kwa spidi. Kisigino hakina habari na moyo wako.

Mapungufu sasa. Foleni, unapewa saa 10 jioni unaingia saa 11 na nusu, kwa sisi tunaotoka kazini Mtumba, kwenye mji wa serikali, inaumiza. Karatasi ya mazoezi waliyonipa ilikuwa ya Kiingereza na picha zimefifia, nikaishia kumwomba anirekodi kwenye simu, na alikubali bila shida. Tena bima yangu hawakuipokea, nililipa taslimu, 30,000 ya kwanza na 20,000 kila ukirudi. Ila haniiti kila wiki bila sababu, mazoezi mengi unafanyia nyumbani, kwa hiyo jumla haikunitoa jasho.

Saa hizi nakimbia kilomita 10 za tambarare asubuhi kabla upepo haujaanza, kisigino kimya. Milima bado, ameniambia mpaka mguu huu unyanyue kisigino sawa na mwenzake. Ukienda beba viatu vyako vya kukimbilia, hata vilivyoisha soli, na majina ya dawa zote ulizotumia karibuni, atakuuliza. Na kama ulisikia mlio wa kitu kukatika nyuma ya mguu na huwezi kusimama kwa vidole, hapo usisubiri miadi ya fizio, nenda hospitali siku hiyo hiyo.