TAHADHARI: ANAJIITA MEJA, ANAUZA NAFASI ZA KOZI KWA NDUGU WA MAKURUTA

Nimeiandika hii nikaifuta tangu jana. Leo naituma hivyo hivyo na hasira zake. Kama una mdogo wako, mtoto wako au mchumba wako yupo Kihangaiko, shule ya makuruta wa jeshi kule Msata, anakaribia kumaliza mafunzo ya awali, soma mpaka mwisho, halafu mtumie na mama yako, maana hawa mbwa wanapenda sana kupigia kina mama.

Habari za Dogo, mdogo wangu aliyepo jeshini, wengi mnazijua, sirudii. Chuo cha ufundi VETA, umeme, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kukaa nyumbani, majina ya jeshi kutoka, mimi kulia pale sokoni mbele za watu. Na aliyekuwa anasema hatoboi mnamjua pia, sasa hivi anasoma hapa kimya kimya.

Basi. Nilikuwa napima kitenge, mteja amenisimamia na haraka zake, simu ikaita. Namba ngeni. Kabla mtu hajasema kitu nikasikia nyuma yake, "Mguu pande! Mguu sawa!" halafu mtu akakohoa, kikohozi kikavu, halafu buti zikapiga chini kwa pamoja. Mwenye ndugu kule anajua moyo unavyofanya. Kuruta hana simu. Mnakaa wiki kwa wiki hamjui amelala au anaumwa, halafu unasikia gwaride kwenye sikio lako. Mimi nilijua Dogo amevunjika mguu. Nikasema, "Shikamoo afande," na yeye hata hajajitambulisha.

"Marahaba," akaitikia, taratibu, kama mtu aliyezoea kuamkiwa. "Wewe ndiye dada yake?" Akalitaja jina la Dogo, matatu yote. Akataja kambi aliyopitia JKT. Akataja na umeme aliosoma VETA. Akanisomea namba yake ya jeshi, inaanzia na MT kama namba zao zinavyoanza, na mimi hapo naandika nyuma ya risiti. Katikati ya maneno kuna sauti ikasema, "Jambo afande!" naye akajibu, "Jambo, subiri hapo nje." Yaani alimsimamisha mtu nje kwa ajili yangu!

Akasema yeye ni Meja, yupo utumishi, anashughulika na kuwapanga vijana wakishamaliza kozi ya awali. Wengi, anasema, wataenda vikosini, huko mizinga, huko vifaru. Lakini kijana wako tumeona ana cheti cha umeme, tumemuweka kwenye kozi ya ufundi wa ndege, Kamandi ya Jeshi la Anga. "Dada yangu, nafasi hizi watu wanazitafuta kwa tochi." Ila kuna vipimo vya ziada vya macho na moyo Lugalo, na kuna vifaa vya kozi, na kuruta mwenyewe hana hela wala simu, ndiyo maana tunaita familia. Akaongeza, tena kwa sauti ya chini: "Usimwambie mtu, kuna wengine humu ni watoto wa wakubwa wanaililia hiyo hiyo."

Sasa kabla hamjaanza kucheka. Barua ilikuja WhatsApp hapo hapo, ina nembo, ina muhuri wa bluu, ina kumbukumbu namba, ina orodha. Na orodha ndiyo iliyonimaliza. Waliopeleka watoto JKT wanajua tulinunua nini: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nauli juu. Orodha ile ilitoka JKT kweli, hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe nilizunguka Morogoro nzima natafuta shuka za bluu bahari, kila duka wananiletea za bluu ya shule. Sasa leo orodha nyingine inakuja, shuka mbili, traki suti, buti za karakana, ovaroli, unanitegemea niulize nini? Ningeona ajabu wangesema haihitajiki kitu.

Na msiniandikie "jeshi lilishatoa tahadhari". Najua. Jeshi limekuwa likitangaza kwamba kujiunga hakulipiwi na watu wajihadhari na matapeli. Lakini hizo tahadhari tunazisikia wakati wa kuandikishwa! Wangu alishaandikishwa, alishavaa kombati, alikuwa ndani ya geti. Huyu mwizi ameliona hilo pengo. Ameacha wanaotafuta nafasi, maana hao wameshashtuka, amehamia kwa ndugu wa waliokwishaingia, kipindi kile kijana anatoka mafunzo ya awali na bado hajajulikana anapelekwa fani gani, na hapatikani kwenye simu umuulize. Ukitaka kuthibitisha, unathibitisha kwa nani? Utapiga geti?

Nikatuma 215,000 ya vipimo. Jina likaja la mwanamke. Nikamuuliza, akasema huyo ni mhasibu wetu, Meja haruhusiwi kushika fedha. Mkiniuliza mimi, jibu zuri. Kesho yake akapiga tena, vifaa viwe vimeingia stoo kabla ya saa tisa, la sivyo jina linaruka kwa mwingine. Nikachukua hela ya mzigo wa Kariakoo, nikatuma 340,000. Huyo mwenye mzigo bado hanisemeshi vizuri mpaka leo.

Simu ya mwisho alitaka 150,000 ya "kufunga faili". Siku hiyo nilikuwa nyumbani, kimya, hakuna mteja. "Mguu pande! Mguu sawa!" Kikohozi kikavu. Buti chini. Nikasubiri. Baada ya muda, "Jambo afande!" naye, "Jambo, subiri hapo nje." Jamani mwili ulinisisimka. Ni kitu kimerekodiwa! Yule mtu amesimamishwa hapo nje tangu wiki ile! Nikasema subiri nitafute salio, nikakata. Hakuona tena hela yangu, lakini zile za mwanzo zilishatolewa kwa wakala zamani.

Dogo alipopata simu baada ya kumaliza, kitu cha kwanza nikamuuliza Anga vipi. "Anga gani, dada?" Kozi yupo kweli, ila siyo hiyo, na alipo siandiki hapa. Wamesomewa majina wakiwa wamejipanga mstari, wakapanda gari la jeshi, basi. Nguo wamepewa, buti wamepewa, wamepimwa, wanakula, hajatoa hata mia. Akaniambia ufundi wa ndege hakuuomba wala hakuna aliyemuuliza habari za familia. Na namba ile ya MT siyo yake! Nilikaa chini.

Mimi sitaki mtu aniambie nimsamehe. Huyu mtu akikamatwa asianze na mahabusu, aanze na doso, adhabu za kijeshi zile. Apelekwe Msata pale barabarani, aruke kichura chura mpaka Chalinze, jua la saa saba, kina mama wote aliowapigia tumepanga mstari kandokando, na yule wa kukohoa amfuate nyuma anakohoa. Polisi wameniambia kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo mpaka miaka saba. Saba tu? Kwa kutumia jina la jeshi? Kwa kutumia sauti ya gwaride kumtisha mtu ambaye mdogo wake yuko huko? Na huyo "mhasibu" wake naye asiachwe, na kama laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi wa watu kijijini, aliyeisajili pia ashughulikiwe. Halafu tukimaliza hapo tumalizie na nyie mnaowatetea matapeli kwenye komenti eti maisha magumu. Maisha ni magumu na sisi hatujamuibia mtu.

Mmeniuliza dalili. Sawa. Kuna mzee wa mtaani kwetu, mstaafu wa jeshi, aliisoma ile barua akacheka mpaka miwani ikadondoka. Juu imeandikwa "Wizara ya Ulinzi na Usalama". Hatuna wizara hiyo, yetu ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Akasema pia Meja hampigii dada wa kuruta kumuomba hela ya shuka, na siku moja huyo jamaa alinidokeza yuko zamu getini, mzee akasema Meja wa zamu getini hajawahi kumuona maisha yake yote. Nyingine ni haraka, kila kitu kabla ya saa tisa. Usimwambie mtu. Namba ya kawaida, jina lingine. Taarifa za Dogo alizitoa wapi? Nafikiri ni ile picha niliyoweka siku anamaliza JKT, niliandika kila kitu mwenyewe, jina, kambi, VETA, na namba yangu ya biashara iko hapo juu ya ukurasa. Nimeifuta. Na nyie zenu mkaangalie.

Meseji zake nimezituma 15040, ile namba ya kuripoti utapeli wa simu, na RB, ile namba ya kesi ya polisi, ninayo. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta wewe ndiye mhasibu.

Kama umepigiwa na mtu mwenye sauti nzito ya taratibu, anasema "dada yangu" kila sentensi, na nyuma kuna gwaride linalokohoa, niandikie inboksi ukiwa na risiti ya muamala. Askari anayeshughulikia amesema tukiwa wengi wenye namba ileile, jalada linakwenda haraka. Tayari tupo mimi na mama mmoja wa Ifakara. Huyo kachukuliwa zaidi yangu.